Albamu ya Lugha ya Askari

Jumatano

Na bado prodyuza anataka albamu nzima niirudie kwa Kiganda. Eti rapa wa kike tayari ni kazi kumuuza, sembuse wa Kiswahili. Hapa Kampala hiyo ni lugha ya askari. Kana kwamba sijui. Nimezaliwa kambini. Baba alituamsha, alituombea na kutugombeza kwa Kiswahili hicho hicho.

Ninayemwogopa ni mama. Tangu tumzike baba, Kiswahili hakisemwi nyumbani kwetu Kibuli.

Leo nimemwekea wimbo niliomtungia baba. Alisikiliza amesimama, sufuria mkononi, bila kunitazama. Nikajua nimeharibu.

Ulipokwisha, akasema kwa Kiswahili, "Baba yako hakuwa mpole hivi. Rudia. Gombeza kidogo."