Vikapu Viwili vya Samaki

Kisangani, tarehe 9 Juni

Mdogo wangu mpendwa Ruphin,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako. Natumaini wewe, mkeo Rosine na binti yenu Nyota ni wazima huko Banalia, na kwamba mguu wako umepona. Sisi huku tunaendelea. Mvua haikomi na samaki hawakauki vizuri.

Barua yako niliipata. Ulitaka kujua ripoti ya kifo cha mwanao Tania, uliyemleta kwangu asome, inasemaje, basi nilikwenda kuisikiliza. Mwendesha mashtaka aliisoma mwenyewe huku akipiga miayo. Daktari Kahambu, aliyempasua mtoto, alieleza kwamba hakukuta uchawi wowote. Alikuta dawa ya wadudu tumboni, na dawa ileile katika samaki wa moshi aliyebaki sufuriani. Kisha yakaja mapendekezo: wauzaji waache kunyunyizia samaki dawa ya kuzuia funza, soko likaguliwe, na mtu asisingiziwe uchawi kabla daktari hajasema neno. Wote tuliitikia kwa vichwa. Kesho yake nilipita sokoni, na unga mweupe wa dawa ulikuwa palepale juu ya samaki.

Kuhusu mama mdogo Lydie, aliyekuwa akikaa nasi hapa, halikusemwa lolote. Alipika, hakula, kipande chake akampa Tania. Kwetu huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba ni mchawi. Ulikuja mbio kutoka Banalia ukamvunja mkono kwa mpini wa jembe, na mimi nikazitupa nguo zake barabarani. Alikufa siku ya kumi na moja kwenye kibaraza cha kanisa moja upande wa Kapalata. Kifo chake hakuna aliyekichunguza, maana kila mtu alikijua.

Sasa unaniandikia kwamba ukimpata aliyeuza samaki wale utamfanya kama ulivyomfanya Lydie. Na kwamba Septemba utaniletea Nyota asome hapa, kwa kuwa humwamini mtu mwingine. Nilicheka, Ruphin, halafu nikachukua karatasi hii.

Unaijua kazi yetu ya kuuza samaki tangu enzi za marehemu mama kule Yanonge. Kikapu cha soko kinapata dawa, kikapu cha nyumbani hakipati. Siku ile wateja walikuwa wengi, nikauza hadi samaki wa nyumbani. Jioni nilichukua wanne katika kikapu cha soko, nikawaosha kwa maji ya moto, nikampa Lydie apike. Aliniuliza kama ni wa nyumbani. Nikamwambia ndiyo, na aache maswali. Kipande chake alimpa Tania kwa sababu alimpenda, basi. Kwa daktari nilisema nilinunua kwa mwanamke nisiyemjua, pale pirogi zinapotia nanga.

Unakumbuka Lydie alivyokuwa akilia uani? "Clémence, ile samaki ulinipatia, ilitoka wapi? Sema basi, mbele ya ndugu yako." Wewe ulidhani ananisingizia, ndipo ukanyanyua mpini. Nilikuwa nimesimama karibu yako. Neno moja lingetosha, na sikulisema.

Tania namlilia kila siku. Lydie simlilii, naogopa nikianza sitanyamaza.

Ukitaka kunipeleka kwa mwendesha mashtaka, nipeleke. Mimi nitawapeleka kwenye kaburi la Lydie, wamfukue, wauangalie ule mkono, kisha wakuulize wewe. Kwa hiyo nadhani utakaa kimya kama nilivyokaa mimi. Nyota kuja au kutokuja, amua wewe na Rosine, kama utaweza kumwambia Rosine sababu.

Bon, karatasi inakwisha. Nisalimie wote wa hapo nyumbani, na jirani yenu papa Léopold. Tonton Eddy anayekuletea barua hii amebeba pia samaki watano. Ni wa kikapu cha nyumbani. Kuleni bila wasiwasi.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Clémence