Skrini haiamki, na mke wa mwanangu ameondoka na cherehani

Kwako Bi Mejumaa,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu utakayoielewa muda si mrefu, na uniwie radhi kwa hati yangu, ambayo zamani ilisifiwa na leo inatetema. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, mgane, mzaliwa wa Barawa, pwani ya Somalia, na nimekaa Mombasa tangu vita vilipotutoa kwetu mwaka wa tisini na moja, kwanza kambini, kisha hapa Kibokoni, ghorofani, pamoja na mwanangu na mkewe. Mwanangu nitamwita Salem na mkaza mwanangu nitamwita Nabiha, ingawa siyo majina yao, maana nataka barua hii uisome hewani lakini sitaki yule binti anyooshewe kidole njiani.

Kwa miaka minne sasa naandika kitabu, si cha kuuza, ni orodha ya nyumba za mtaa wetu wa kule: ipi ilipakana na ipi, nani alikaa, mlango ulitazama wapi, kisima kilikuwa katika ua gani, kwa sababu sisi tunaokumbuka tumebaki wachache na kila mwaka tunapungua, na nimefika nyumba ya mia mbili na kumi na nne. Macho yangu yalifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho na hayataki tena herufi ndogo, ndipo mwanzoni mwa kazi hii Salem akaninunulia skrini kubwa ya kuweka mezani, na Nabiha akaiunganisha na laptopu, akanipangia kibodi na kipanya mbele yangu, laptopu yenyewe akaifunga na kuifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akaniambia, "Baba, hii usiihangaikie, wewe tazama hapo mbele tu," nami neno nikilishika nimelishika, sijaifungua hata siku moja.

Kazi yangu huifanya baina ya Alasiri na Magharibi. Magharibi nikitoka kwenda msikitini huzima kila swichi ya ukutani chumbani mwangu, ya taa, ya feni, ya skrini, ya chaja, zote, kwa sababu kule kambini niliona safu nzima ya mabanda ikiteketea kwa jiko moja lililoachwa na moto, na tangu siku hiyo siwezi kutoka nikaacha kitu kinawaka nyuma yangu, nikijaribu hurudi kutoka ngazini. Na kesho yake, nikirejea kutoka Alasiri, nilikuwa nikikuta skrini imekwisha kuamka, ukurasa wangu uko wazi pale pale nilipoishia, na kikombe cha kahawa ya tangawizi kando yake, na mimi, mtu niliyesoma vitabu vingi, nilidhani mleta kahawa huwasha swichi tu, na kwamba mashine imejifunza saa yangu, kama simu inavyojua yenyewe wakati wa kuadhini.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumapili, mvua ya kusi ilikuwa ikiingia dirishani, na Nabiha akaisogeza meza upande wa pili wa chumba. Jumatatu yake akaanza kazi ya kufundisha ushoni kwa kina mama wa Majengo, anatoka saa nane mchana na kurudi saa kumi na moja na nusu. Jumatatu hiyo hiyo nikarejea kutoka Alasiri na wazee wenzangu wawili waliokuja kunihakikishia majina ya nyumba, nikakuta kiza. Nikawasha swichi zote, skrini ikatoa maneno ya Kizungu kwamba haipati kitu, ikazima, ikabaki na kitaa cha rangi ya machungwa kinachopepesa. Nikabonyeza kila kitufe cha kibodi, nikatikisa kipanya, nikaipiga skrini kofi la mgongoni kama tulivyokuwa tukizipiga redio, wapi!

Jamaldin, mmoja wa wale wazee, akasema, "Sheikh, chombo kimekata roho hicho. Jana kilikuwa papa hapa?"

"Kilikuwa dirishani."

"Basi kimeburuzwa. Waya umekatika ndani kwa ndani, huo hauonekani."

Saa kumi na moja na nusu tukiwa bado tunahangaika nayo, Nabiha akaingia, buibui bado mwilini, akatuamkia, akaona tulivyoizunguka meza, akacheka kidogo akasema, "Baba, hebu nipishe niangalie, ni kitu kidogo tu." Na mimi, Bi Mejumaa, nikasema mbele ya wageni, "Usiguse! Umegusa vya kutosha. Ungekuwa binti yangu ungeuliza kwanza."

Miaka kumi na moja ananiita Baba.

Alileta buli, akawamiminia wageni kahawa, kisha akasema, "Samahani, Baba," akaingia ndani. Kesho yake aliniomba ruhusa akamtazame mamake hapo Kuze kwa siku mbili, nikampa, na nikiwa dirishani nikaona tuktuk imesimama chini na dereva anapakia cherehani yake, ile ya chuma, na hapo nikajua ameondoka, kwa sababu mwanamke anayekwenda kwao siku mbili habebi cherehani.

Skrini niliipeleka Mwembe Tayari kwa fundi Ngumbao, akaiunganisha na kompyuta yake, ikawaka kama mchana. Akaniambia, "Mzee, hii nzima. Nikikutoza kitu nitakuwa nakuibia. Waya wako nao uko salama." Nikairudisha nyumbani, kitaa kile kile cha machungwa. Basi nikasema kama si skrini wala si waya, ni laptopu, imedondoshwa siku ile ya kuhamisha meza, na hakuna aliyeihamisha ila yeye. Salem yuko Lamu kikazi, nilimpigia simu, akasema, "Baba, laptopu nitanunua nyingine. Lile neno ulilolisema sijui linauzwa duka gani."

Naomba unisaidie kwa mawili. Nitaiamshaje skrini hii, kwa sababu nyumba ya mia mbili na kumi na tano ni ya dada ya mama yangu na naogopa kuisahau kabla sijaiandika. Na ukishanieleza hilo, niambie nikabiliane vipi na Nabiha, kwa maana nimeweka nia nisiende Kuze mpaka nijue kwanza kwa yakini kosa ni la nani.

Wako katika mashaka,
Mzee wa Kibokoni

*

Mzee wangu wa Kibokoni,

Shikamoo. Pole kwa skrini, na pole zaidi kwa ule mtaa unaoubeba peke yako kichwani. Barua yako niliisoma mwenyewe kwanza, kisha nikaichukua mpaka kwa Lewis, fundi wa mitambo wetu hapa redioni, kwa sababu mimi najua habari za watu na yeye anajua habari za nyaya. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Bi Mejumaa, huyu mzee hana skrini mbovu."

"Ana nini basi?"

"Ana mkwe mzuri."

Nikamwambia asinichezee, nina kipindi baada ya taarifa ya habari. Akavuta kiti akanieleza, nami nakueleza wewe.

Laptopu iliyofungwa kifuniko hukubali kuendelea na kazi kwenye skrini ya nje maadamu inapata umeme wa chaja. Nabiha alikupangia hivyo na alikupangia sawasawa. Lakini ukizima swichi ya chaja, ile laptopu inajiona imefungwa na haina umeme, inalala. Ikilala haitumi picha, na skrini isipoletewa picha nayo inalala. Kile kitaa cha machungwa ndiyo namna yake ya kukwambia kwamba iko hai na inangoja. Ukirudi ukawasha swichi, skrini inaamka, inatafuta picha, haioni, inalala tena. Laptopu iko chini ya kitambaa, imefunikwa, haina habari. Na nyingi zikiwa zimefungwa hazisikii kibodi wala kipanya, uzibonyeze mpaka vidole viote sugu. Dawa yake ni kufunua kitambaa, kuinua kifuniko, kubonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, na kungoja kidogo.

Sasa tulia, mzee wangu, usikilize polepole. Umezima swichi hiyo kila Magharibi kwa miaka minne. Maana yake laptopu yako imelala kila siku kwa miaka minne. Mashine haikujifunza saa yako. Kila siku, ukiwa msikitini, kulikuwa na mtu aliyeingia chumbani mwako, akawasha swichi ulizozima, akainua kifuniko, akaiamsha, akakufungulia ukurasa wako pale pale ulipoishia, akafunga kifuniko, akarudisha kitambaa, akaweka kahawa. Umeiona kahawa ukajua imeletwa na mtu. Mengine ukampa mashine.

Na Jumatatu ile ambayo skrini haikuamka haikuwa siku ya kwanza ya meza mpya. Ilikuwa siku ya kwanza ya Nabiha kutokuwepo nyumbani Alasiri. Umeyaandika yote mawili kwa mkono wako, sentensi moja baada ya nyingine, na wewe ni mtu anayekumbuka mlango wa kila nyumba ulitazama wapi.

Utaniuliza mbona hakukwambia uache kuzima swichi. Mimi simjui, lakini miaka kumi na moja chini ya dari moja amekuona ukirudi kutoka ngazini kukagua taa. Nadhani alijua kwa nini unazima, akaona ni rahisi kwake kuwasha kuliko kwako kuacha. Hofu yako si ujinga, mzee wangu, na mimi sitakutaka uione aibu. Mtu aliyeona mabanda yakiungua ana haki ya kugusa swichi zake. Lakini yupo aliyekuwa akiibeba hofu hiyo pamoja nawe bila kukusumbua, nawe ukamwambia mbele ya watu kwamba si binti yako. Nimekasirika, sikufichi. Alikuomba umpishe aangalie, akakwambia ni kitu kidogo tu, na kilikuwa kitu kidogo tu! Ungenyamaza muda wa kumaliza kikombe kimoja, leo ungekuwa nyumba ya mia mbili na kumi na saba.

Na huyo Jamaldin wako, aliyeona waya umekatika ndani kwa ndani mahali pasipoonekana, mwambie namsalimu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo utakapokosea. Najua ukimaliza kusikia haya utataka kunyanyuka ukafunue kile kitambaa ujaribu. Usifunue. Umeniandikia kwamba hutakwenda Kuze mpaka ujue kosa ni la nani. Ukijaribu kwanza, na ikawaka, ukaenda ukamwambia "Nisamehe, nimehakikisha hukuharibu," utakuwa umemwomba radhi mshtakiwa aliyeshinda kesi, na yeye hakuondoka kwa sababu ya kesi. Na je, Lewis akiwa amekosea, ikawa kweli imeharibika siku ile ya meza? Lile neno litakuwa halali? Meza yenyewe aliihamisha ili mvua isikunyeshee kazi yako. Hata kama angeiangusha kutoka ghorofani mpaka barabarani, bado ungekuwa na deni la neno lile. Kwa hiyo nenda kabla hujajua.

Kesho baada ya Alfajiri laptopu iache ilivyo, na kitambaa chake. Mpitie Jamaldin, mchukue na yule mwenzenu wa pili, kwa sababu neno lilisemwa mbele yao na litaondolewa mbele yao. Salem usimtume, wala usimpigie simu akutengenezee njia. Ukifika Kuze mamkie mamake kwanza, kisha umwambie Nabiha maneno machache: kwamba ulisema si binti yako, kwamba ulisema uongo, na kwamba watu hawa wawili walikusikia ukisema na umewaleta wakusikie ukijirudi. Halafu nyamaza. Usimweleze habari za kitaa, wala za mvua, wala za fundi wa Mwembe Tayari. Akilia mwache alie. Akikwambia anahitaji siku chache zaidi, mpe, na urudi keshokutwa yake umjulie hali, si kumhimiza.

Hiyo kazi yake ya Majengo usiiguse hata kwa mzaha. Akirudi kwako atarudi na kazi yake, na wewe utajifunza kuiamsha mashine mwenyewe. Mwombe akufundishe, ukae upande wake, umwache ainue kifuniko yeye siku ya kwanza. Swichi zako endelea kuzizima, ila ya chaja peke yake iache, na kama huwezi, basi izime na ukirudi ufunue, uinue, ubonyeze, ungoje. Lewis anasema pia kuna mahali ndani ya laptopu pa kuiambia isilale inapofungwa. Hapo Nabiha anapajua, usipatafute wewe. Na ikiwa baada ya hayo yote bado ina kiza, ileteni hapa redioni, Lewis ataitazama.

Nyumba ya dada ya mama yako iandike leo kwa kalamu, hati itetemeke itakavyo. Nabiha ataiingiza kwenye mashine akirudi, ataisoma tu, wala hatokuwa binti wa kwanza kusoma hati mbovu ya baba yake.

Na siku hiyo ya kurudi, ile cherehani isipakiwe na dereva. Wewe tangulia kukaa ndani ya tuktuk, waambie waiweke mapajani mwako, uishike kwa mikono miwili mpaka Kibokoni. Ni nzito, najua. Ishike.

Bi Mejumaa