Nanga Yenye Nyuzi

Jumamosi. Mvua iliyoamkia kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, imetuachia tope la kumtosha kila mtu, na mimi nimerudi nyumbani viatu mkononi, miguu mitupu, naimba. Majirani wamenitazama kama mtu aliyelewa. Wacha watazame.

Nimeshinda.

Ngoja niandike kwa mpangilio kabla furaha haijanichanganya. Mimi ni seremala. Hapa kambini wananijua kwa mipini ya majembe na vigoda. Lakini nilizaliwa Baraka, kule Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, na tangu mwaka jana nachonga boti ndogo za mbao, mfano wa zile zilizokuwa zinapakia mihogo na samaki wadogo wa ndagala kwenda Kalemie. Moja ina urefu wa mkono wangu. Watu wa hapa wanaziita midoli. "Mama Asifiwe, hii utaiogelesha mu beseni?" shemeji yangu huniuliza, halafu anacheka peke yake mpaka anakohoa.

Mama Kakuru hakucheka. Huyu ni mke wa sajenti mmoja wa kambi ya jeshi Mbarara, na ana duka la zawadi mtaa wa Nyamitanga huko huko. Aliniagiza boti kwa ajili ya mumewe, ambaye leo alikuwa anaagwa na jeshi baada ya kuitumikia nchi kwenye boti za doria za Ziwa Viktoria. Tulikubaliana hivi: Afande akiona ni boti kweli, napata rafu yangu dukani. Akiona ni mchezo wa watoto, narudi kwenye mipini na habari ya rafu inaishia hapo.

Kwa hiyo sikutaka kupeleka boti tupu. Mama Kakuru mwenyewe alishaniambia inatosha, umbo limekamilika, ya nini kujisumbua. Lakini mimi ni mtu wa vikorombwezo, nakiri. Boti bila vikorombwezo ni bibi harusi aliyetoka kuoga: mzuri, ndiyo, lakini hajawa wa kutolewa nje.

Madirisha ya duara nimeyapata kwenye vitundu vya chuma vya viatu vya zamani. Maboya ni vile vipira vya ndani ya bomba la maji, nimevipaka nyekundu na nyeupe. Kamba ni uzi wa fundi viatu, niliupitisha kwenye nta ya mshumaa ili usitoe manyoya. Usukani ulinitesa, nikauchonga na kuuchonga tena mpaka ukakubali kuzunguka. Nikapiga vanishi, nikasugua kwa msasa laini, nikapiga tena. Ikabaki nanga tu.

Nanga niliitaka ya chuma. Nikampigia simu Byaruhanga, Munyankore mwenye kibanda cha kuchomelea vitu vidogo pale Mbarara. Akaniambia nanga anaijua tangu utotoni, hata babu yake alikuwa nayo. Nikajiuliza babu wa Wanyankore, wafuga ng'ombe, alikuwa na nanga ya nini. Nikamwambia iwe ndogo kama kidole na isikose kamba. Akauliza kamba ngapi.

Hapo akili ilipaswa kushtuka. Nikamjibu aweke za kutosha.

Leo asubuhi nimepanda teksi ya Mbarara pale Rwekubo, mji wa karibu na kambi, boti yangu nimeipakata mapajani imefungwa kwenye kitenge. Byaruhanga amenipokea uso umejaa fahari, akanipa kitu kilichozungushiwa gazeti. Nimefungua. Kibao kidogo kilichochimbwa katikati kama sinia, na juu yake nyuzi za shaba zimenyooshwa kutoka ncha hadi ncha. Nimekigusa, kikalia. Ting!

"Hii ni kitu gani?"

"Nanga, nyabo. Si wewe ulisema nanga?"

"Nanga ya kusimamisha boti mu mayi! Weye umenitengenezea gitare!"

"Nyabo, kwa Runyankore hii ndio enanga, ya kupiga na kuimba. Hiyo yako ya boti mimi sijaona. Huku maji ya kusimamisha boti iko wapi?"

Nimetaka kulia, na nimelia kidogo. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, hapakuwa na cha kuchomelea tena, na sherehe ilikuwa karibu kuanza. Lakini ile kazi, jamani, ilikuwa nzuri mno. Nimeshindwa kuitupa. Nimeifunga kwenye sitaha ya mbele, pale mabaharia wanapokaa kupumzika. Liwalo na liwe.

Nimeikuta sherehe nyumbani kwa Mama Kakuru. Afande ni mtu mrefu asiye na haraka ya kucheka. Ameiweka boti mezani akaikagua kama askari kwenye gwaride. Amezungusha usukani kwa ncha ya kidole. Amevuta kamba kuona kama imekazwa. Wageni, wengi wao wanajeshi wenzake, wamesogea kuizunguka meza.

"Boti iko muzuri," amesema. "Lakini nanga iko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Kakuru amenyoosha kidole. "Si hii hapa? Hata iko na nyuzi!"

Afande ameinama, akaitazama, akaipiga kwa ukucha. Ting! Kisha amecheka, na kumbe akianza haachi. Wageni nao wameelewa, nyumba nzima ikalipuka, na mimi nimecheka pamoja nao.

Lakini swali lake hakuliacha. Amejifuta machozi akaniambia, "Mama, hii ni ya kuimba. Ya kusimama iko wapi?"

Hapo nimeikumbuka Baraka. Nani alikuwa na nanga ya chuma kule? Wenye meli kubwa. Boti zetu zilisimamishwa na jiwe lililofungwa kamba, na mimi, mtoto wa ziwa, nimehangaika na chuma kwa ajili ya kujionyesha tu. Nimetoka nje, nimeokota kokoto uani, nimeifunga kwa uzi uliobaki mfukoni, nikaishusha ubavuni mwa boti ikaning'inia.

"Afande, kwetu tunatupaka jiwe."

Ameivuta ile kokoto kwa uzi wake. "Hata sisi," amesema. "Zile za chuma watu walikuwa wanaiba." Halafu amemgeukia mkewe. "Hii ni boti."

Boti! Mbele ya wanajeshi wote wale!

Sherehe ilipopoa, Mama Kakuru amenipeleka dukani, akahamisha vikombe na maua ya plastiki, rafu ikabaki wazi. Rafiki wa Afande anataka yake pia, yenye nanga zote mbili, ya kusimama na ya kuimba. Nimempigia Byaruhanga, nikamwomba radhi kwa makelele yangu, nikamwagiza gitare lingine. Amenicheka vizuri sana, na nilistahili.

Kisha Mama Kakuru ameuliza aandike nini juu ya rafu. Nimesema: Boti za Baraka. Ameandika kwa herufi kubwa. Mji wangu, ambao sijauona tangu tukimbie, sasa uko ukutani Nyamitanga na wapita njia wanausoma. Nimesimama mlangoni nikausoma mimi mwenyewe, nikarudia, mpaka Mama Kakuru akaniuliza kama sijui kusoma.

Kesho ni Jumapili, siku ya Bwana, na hapa kwetu mtu hashiki tezo wala msumeno. Najua. Lakini mbao zipo na mikono inawasha. Je, kuchora tu kwa penseli nako ni kazi?