Kituo cha Kwanza Kilikuwa Kwako

Niaje Akinyi dadangu,

Kadi ina twiga mzuri, lakini nakuandikia nikiwa na hasira. Unajua vile chama chetu cha Kawangware kilipanga hii safari ya kuona wanyama. Tulibishana miezi mizima ni nani atapika chapati, na hakuna aliyeuliza gari la watalii tulilokodi huanzia wapi. Asubuhi dereva akatupeleka Soweto West, mtaa wenu wa mabanda, akasimama mbele ya ploti yako.

"Hapa ndio wageni huanza," akasema. "Pigeni picha, lakini msifungue madirisha."

Nikakuona ukianua nguo. Ulipoona gari ukatupatia mgongo, ukaita watoto ndani. Nikamwambia dereva, "Huyo ni dadangu, tumbo moja."

Akajibu, "Sawa madam, basi muombe ageuke."

Nikafungua mlango nikakuita, lakini wako ulikuwa umeshafungwa.

Sasa simba amelala mbele yetu na kila mtu ameinua simu. Yangu iko mfukoni. Salimia watoto, waambie nawapenda. Kesho nitakuja na chapati zilizobaki, kwa miguu, na nitabisha hodi kama mtu.

Dadako, Atieno