Alama za Mama Derrick

Jumanne, 13 Januari 2026

Nimekubali tena. Hezron, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wakenya huku Uarabuni, alinipigia saa ya chakula cha mchana nikasema ndiyo kabla sijameza. Eti, "Dada Roselyne, kazi yako si kukagua? Basi tukagulie na hawa." Kukagua majiko ya kampuni hapa mtaa wa Olaya na kukagua watu wanaojitolea, kwake ni kitu kimoja.

Hawa ni wafasiri wetu wa simu. Msichana wa kazi za nyumbani akikosana na madam wake, na Kiarabu hana, anapiga simu, anaweka sauti juu, mmoja wetu anafasiri kati yao. Bure, kila Ijumaa. Ramadhani inakuja, na Ramadhani simu huwa mara tatu. Kamati inataka mtu mmoja awafunze wafasiri wapya. Nani? Hiyo ndiyo ripoti yangu. Mwisho tarehe 24.

Fomu nimeitengeneza mwenyewe. Msichana ameridhika? Madam ameridhika? Msichana amebaki kazini? Alama sifuri hadi tano. Inapendeza kweli kuiangalia.

Alhamisi, 15 Januari

Nimetoka Al-Sulay kumwona Vincent, mfasiri wa kwanza kwenye orodha. Ni dereva wa lori, tumeongea akingoja kupakiwa mzigo. Simu ishirini na tisa mwaka jana, walioridhika kumi na mmoja. Sababu niliijua baada ya dakika tano: anafasiri neno kwa neno. Madam akisema punda, Vincent anasema, "Amekuita punda." Msichana akisema mwambie na yeye ni punda, madam anaambiwa.

Nikamuuliza kama haoni anaongeza moto. Akajibu pole pole, "Dada, mimi ni bomba tu. Yakiingia machafu, yatatoka machafu."

Nikampa mbili. Halafu nikampigia Priscilla, mmoja wa wale ambao hawakuridhika. Anasema siku ile alilia, lakini alijua amesimama wapi. Wiki hiyo hiyo aliomba ahamishwe, na sasa yuko nyumba nzuri. Kwenye fomu: amebaki kazini? Hapana. Sifuri. Nimeiangalia hiyo sifuri muda mrefu.

Kesho Jeddah, kwa mfasiri wetu wa huko, Mama Derrick. Simu arobaini na moja, walioridhika arobaini! Sishangai. Mimi mwenyewe ni kazi ya mikono yake. 2015, mwezi wangu wa tatu kwa madam wa Jeddah. Nina homa, ananioshesha mazulia, nikagoma, akanirushia ndala. Kiarabu changu kilikuwa yalla na mafi tu, haya na hakuna. Mama Derrick akaniambia kwenye simu: madam anaomba umsamehe, mama yake alifariki mwezi uliopita, hajielewi. Anasema wewe ni kama binti yake.

Nilikaa miaka minne. Akinifokea najiambia ana msiba. Kiarabu nilikipata pale, na ndicho kilichonileta Olaya. Kwa hiyo nitajitahidi nisipendelee.

Ijumaa, 16 Januari

Sijui nianzie wapi.

Mama Derrick anashona abaya kwenye duka, Ijumaa yuko chumbani kwake. Alikuwa anakanda unga wa chapati, simu imeegemezwa kwenye kopo la chai. Akanikumbatia na mikono yote miwili ya unga. Nikakaa pembeni na kalamu yangu.

Simu ya kwanza ni Maryann, mgeni, miezi miwili tu. Anasema amechoka, madam anamwamsha kabla ya alfajiri na kumtukana mbele ya watoto, anataka kurudi kwa wakala. Mama Derrick akamgeukia madam kwa Kiarabu kizuri kuliko changu: "Anakuomba radhi. Anasema mtoto wako mdogo amemzoea na yeye amempenda, ila mwili umechoka, anaomba saa moja ya kupumzika." Nikafikiri sijasikia vizuri.

Madam akajibu kwamba msichana ni mvivu, lakini saa moja achukue, halas, yaishe. Mama Derrick akarudi kwa Maryann: "Mwanangu, madam anaomba umsamehe. Mama yake alifariki mwezi uliopita. Anasema wewe ni kama binti yake."

Kalamu iliniponyoka. Maryann analia, anamwambia madam "sorry, sorry", madam anasema haya basi. Wote wameridhika. Tano, tano, tano.

Sikupata nafasi ya kusema kitu. Simu ya pili ikaingia: Awino. Mkataba wake uliisha Novemba. Mama yake yuko kitandani Siaya, hali chakula, na Awino anataka kwenda kumwona angali hai. Madam wake akasema hakuna safari mpaka baada ya Eid, Ramadhani ana wageni. Mama Derrick, bila hata kuacha kukanda, akamwambia Awino kwamba madam anashughulikia karatasi, avumilie wiki mbili. Madam akaambiwa kwamba Awino amekubali kukaa kwa roho safi, anachoomba ni mama yake aombewe dua tu.

Awino akamshukuru Mungu mpaka nikaona aibu. Nilimpa namba yangu, nikamuuliza lile la fomu, kama ameridhika. Akasema, "Sana, dada."

Nimekula chapati tatu. Zilikuwa laini. Nina hasira, na sijui namkasirikia nani.

Jumamosi, 17 Januari

Asubuhi nilipitia dukani kwake kabla ya ndege. Nikamuuliza wazi: kwa nini unawadanganya?

Hakukasirika. Akasimamisha cherehani. "Awino nikimwambia ukweli atafanya nini? Pasipoti iko kabatini kwa madam. Atagombana naye, na bado atabaki mle mle, sasa na uadui juu. Eid itafika, ataenda."

Nikasema alimwambia wiki mbili. Akasema baada ya wiki mbili atamwambia nyingine mbili. Nikauliza je, mama yake akifa katikati? Akaitazama sindano. "Hapo sijui," akasema. Angalau hilo hakulipamba.

Ndipo nikauliza langu. Madam wangu wa 2015, je, alisema kweli mimi ni kama binti yake?

"Nitakumbuka vipi, mwanangu? Mmekuwa wengi." Akawaza kidogo. "Ile ya kufiwa na mama huwa naitumia sana."

Halafu akasema, "Lakini wewe ulikaa. Kwani uliharibikiwa na nini?" Nikasema ndege itaniacha.

Kwenye ndege nimemkumbuka yule bibi aliyekuwa akija kila Eid na kumshika madam mashavu. Nilidhani ni wa upande wa bosi, mume wake. Miaka minne nimemwandalia marehemu kahawa! Hata Kiarabu kilipokuja sikuuliza. Msiba wa mtu hauulizwi.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akasogea. Kisha nikalia kidogo, dirishani.

Jumatano, 21 Januari

Hezron amepiga. Ameshajumlisha mwenyewe kutoka kwenye fomu nilizomtumia. Mama Derrick nne nukta tisa, Vincent mbili nukta moja. Kamati inataka Mama Derrick awafunze wote na Vincent apumzishwe kwa shukrani.

Nikamwambia kwamba Mama Derrick hafasiri, anatunga. Akauliza, "Lakini wameridhika, si ndiyo?" Ndiyo. "Na hakuna aliyetoroka?" Hakuna. "Sasa shida ni gani, dada?"

Fomu ni yangu. Maswali ni yangu. Hakuna mahali nilipouliza kama maneno yalifika.

Mchana Awino akanitumia ujumbe wa sauti. Ameshapanga sanduku. Amemwambia kaka yake atafika mwisho wa mwezi, na mama ameambiwa. Tangu aambiwe ameanza kunywa uji, nusu kikombe asubuhi, nusu jioni. "Dada, ubarikiwe wewe na Mama Derrick."

Nimeusikiliza mara tatu. Sijajibu. Nikimwambia ukweli, uji utakoma. Nisipomwambia, tarehe 30 utakoma vilevile. Nimempigia Mama Derrick amwambie yeye, akasema ngoja Ijumaa.

Ijumaa, 23 Januari

Naandika hivi simu ikiwa hapa mezani, imewaka. Ni saa kumi jioni.

Awino amepiga. Mama Derrick hapatikani, yuko kwenye maombi au amezima, sijui. "Dada, madam ameliona sanduku na amekasirika, mimi sielewi. Yuko hapa. Muulize tu tarehe ya ndege." Sauti ina furaha bado.

Nikamsalimia madam. Ameongea kama dakika mbili bila kupumua. Kwamba yule mama mwingine wa simu alimwambia yeye kuwa Awino amekubali kukaa na anaomba dua tu. Kwamba yeye ameomba, kila swala, kwa ajili ya mama asiyemjua. Ameshawaambia dada zake waje kufuturu kwake mwezi mzima. Leo anakuta sanduku. Kwa hiyo nani mwongo? Kama ni Awino, hata baada ya Eid haendi. "Muulize anataka nini. Nataka neno lake, si lako."

Neno lake alishalitoa, wiki iliyopita, kwamba anataka kwenda, na nililisikia. Nikisema hivyo, Awino ndiye anayebaki mle ndani na huyu madam. Nikisema mengine, mimi na Mama Derrick ni mtu mmoja. Vincent angeshamaliza zamani. Yeye ni bomba.

Nilisema, "Awino, madam anasema—" na neno lililofuata mdomoni lilikuwa mama yake. Mama yake madam! Amefariki! Lilikuja lenyewe, tamu, liko tayari. Nikawaambia wote wawili mtandao unasumbua, wangojee. Nimezima sauti yangu. Yao naisikia.

Fomu ya kamati iko hapa chini ya daftari. Mfasiri: Roselyne. Sijui ni lini nimeandika hilo.

Awino anasema, "Dada, bado upo? Madam amesema nini?"

Na nyuma yake madam, kwa Kiarabu, anauliza Awino amesema nini.