Wateja wa Wambui

Mjukuu wangu Njeri,

Hapa mtaani Woodley tuko salama, na goti la babu yako limepata nafuu. Umeniuliza kama nimewahi kumwonea mtu wivu. Nimewahi: dada yangu Wambui.

Miaka ya elfu mbili tuliuza kaseti katika duka la baba yetu, kwenye barabara ya River Road. Mteja akiimba mstari mmoja tu, Wambui ameshaujua wimbo. Kila anayeingia, "Wambui yuko?" Mimi hawakunijua jina.

Siku moja mzee aliyefiwa na mkewe alikuja kumwulizia Wambui. Alitaka wimbo wa harusi yao. Akaniimbia. Niliujua, na kaseti ilikuwa nyuma yangu. Nikasema, "Hatuna."

Akiwa anatoka, Wambui akaingia na chai. Alimsikiliza akiimba, akaitoa kaseti ile rafuni.

"Wimbo huu, dada ndiye aliyenifundisha," akamwambia. "Mshukuru yeye."

Mzee akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nikatazama chini. Njeri, hata wema wake ule niliuonea wivu.

Wambui hakuniuliza kitu, nami sijawahi kumwambia. Leo nimeandika barua mbili. Ya pili ni yake.

Nyanya yako