Masaa Ishirini na Sita ya Msibani

Jumatatu, 3 Machi

Orodha imebandikwa tena. Pale pale karibu na mashine ya kahawa, ili mtu asiweze kunywa hata kikombe kimoja bila kuona aibu ya mwenzake. Majina ishirini na sita, na mbele ya kila jina masaa ya mwezi uliopita. Mimi ni wa pili. Mia mbili na kumi na moja! Februari ina siku ishirini na nane jamani.

Yule wakili wa chumba cha kona, aliyelazwa wiki nzima kwa ajili ya figo, ameandikwa kwa wino mwekundu. Figo zake hazina mteja wa kuzilipia, ndiyo maana.

Bosi kapita, kanipiga begani. "Hongera, punda wangu." Alidhani ananisifu! Ofisi nzima tunamwita Mzee Dakika, kisogoni lakini. Kila wakili mpya humwambia neno lile lile siku ya kwanza: siku yako haina masaa, ina vipande vya dakika sita sita, na kila kipande lazima kiwe na mteja wa kukibeba. Miaka minane nimekatwakatwa hivyo kama mkate.

Wabia, wenye ofisi hii, wanakutana tarehe ishirini na nane. Jina langu liko mezani. Nikipita, na mimi mbia. Nisipopita safari hii, basi tena — hawaletagi jina mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Mama Matofali amepinga bili! Nilicheka peke yangu ndani ya lifti.

Ni mteja wetu, mwenye kiwanda cha matofali. Alikuwa na kesi ya mpaka na jirani yake, tumemshindia Januari. Mama wa kitambaa kichwani na daftari la mistari mkononi. Kila ukimpigia simu anaandika saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Bili ilipofika alikaa nayo wiki mbili, kisha akaenda mahakamani kwa msajili akasema hailipi mpaka ichunguzwe. Msajili naye ameamuru: kila wakili aliyetajwa kwenye bili ale kiapo kwamba masaa yaliyo kwa jina lake aliyafanya kweli.

Mzee Dakika hakutikisika. Hati yangu ya kiapo imeshachapwa, aya tatu tu. Tunakwenda kuapa Ijumaa ya wiki ijayo. Nikamwambia nitaisoma kwanza pamoja na bili yenyewe. Akasema soma, soma, lakini usimwandikie mtu masaa ya kusoma.

Alhamisi, 6 Machi

Ngoja niandike taratibu.

Bili ina kurasa kumi na moja. Ukurasa wa saba, kwa jina langu: 13 Novemba, masaa manane na nusu. 14 Novemba, masaa tisa. 15 Novemba, masaa manane na nusu. Maelezo: "Kutafakari mkakati wa shauri na kupitia nyaraka."

Tarehe 14 Novemba tulimzika shangazi!

Shangazi yangu. Aliyenichukua nikiwa darasa la pili, akanisomesha kwa cherehani mpaka nikavaa joho. Tarehe 13 nilikuwa naosha masufuria ya msiba. Tarehe 15 nilikuwa nimelala kitandani kwake nanusa mto wake. Nilikuwa natafakari mkakati gani mimi? Nilikuwa natafakari kwamba sina mtu tena wa kuniita kwa jina la utotoni.

Halafu — hapa ndipo niliposimama nikafunga mlango wa ofisi — Mama Matofali alikuwepo. Kwenye mazishi! Alifunga kiwanda nusu siku, akaja na wanawake watatu wa kazini kwake. Alinishika mkono udongo ulipoanza kuanguka. Kiganja chake kigumu kama msasa, nakikumbuka. Sasa ameletewa bili ya masaa ambayo yeye mwenyewe alikuwa amenikumbatia!

Mzee Dakika hajui kama mama huyu alikuja. Atajuaje? Hakuja. Alituma shada la maua lenye nembo ya ofisi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemuuliza dada wa mapokezi, katibu wa Mzee Dakika kwa miaka ishirini sasa, ndiye anayeingiza masaa kwenye kompyuta. Akanivuta mpaka stoo ya karatasi, akafunga mlango, akaanza kulia kabla sijamaliza swali.

Ni hivi. Mkataba wa Mama Matofali unamruhusu Mzee Dakika masaa ishirini tu kwa mwezi, kwa sababu yeye ndiye ghali. Novemba aliyamaliza mapema. Bado alitaka bili inenepe. Akamwandikia dada karatasi kwa mkono wake: tia haya kwa jina la fulani, yaani mimi. Dada akamwambia, lakini bosi, mwenzetu yuko msibani. Naye akamjibu — dada alisema amelikariri — kwamba hakuna atakayetilia shaka masaa ya yule. Hata ukisema alifanya kazi juu ya jeneza, watu wataamini.

Nilikaa juu ya boksi la karatasi.

Ameniomba nisimtaje. Ana watoto wawili chuoni. Nimeahidi. Mdomo wangu huu!

Kinachonichoma si uongo peke yake. Mawakili wavivu wapo pale, mbona hakuwatumia wao? Kwa sababu wangebishiwa. Amenichagua mimi kwa kuwa najituma. Sikukuu zote nilizokosa, mikutano ya shule ya mwanangu, chakula nilichokula nimesimama — vyote hivyo amevigeuza shuka la kujifunika. Mshenzi! Nimeandika. Sifuti.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mume wangu, jikoni, yeye anamenya vitunguu. Mwalimu wa hesabu, hakosi kupiga hesabu. Akatazama dari, akasema kwa miaka minane hii nimekaa zaidi na Mzee Dakika kuliko nilivyokaa naye, sasa mwenye mke ni nani? Sikucheka.

Akaona hali si hali. Akasema, ukisaini nitakuelewa, usiposaini nitakuelewa pia.

Nikawaka! Sitaki kueleweka! Nina wateja arobaini wanaotaka niwaelewe, nina bosi anayedhani ananielewa. Nataka mtu mmoja tu duniani akasirike pamoja nami!

Aliweka kisu chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilibeba jeneza. Upande wa kulia, mbele. Bega liliniuma siku nne." Akajishika bega. "Na mimi nilikuwa napitia nyaraka?"

Sasa tumekasirika wawili. Vitunguu vikaungua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingia kwake saa tatu na nusu asubuhi. Nikaweka ukurasa wa saba mezani, nimezungushia tarehe tatu kwa penseli.

Akautazama kama mtu anayeangalia menyu. "Kuna nini?"

Nikasema nilikuwa namzika shangazi yangu.

"Una ushahidi gani kwamba hukufanya kazi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Ushahidi kwamba nilikuwa msibani! Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa. Ndiyo, akasema, kwa mdomo. Kweli, alisema nenda tu, usijisumbue na fomu wakati kama huu. Niliona huruma mle. Nilimshukuru hata! Sasa kompyuta inaonyesha nilikuwa kazini, na siku tatu hazikukatwa kwenye likizo yangu. "Kwa hiyo ulizila siku za ofisi. Mimi sijakudai. Tuseme nani ni mwizi hapa?"

Nikauchukua ukurasa wangu.

Kisha akabadilika, sauti ya asali. Amenitetea kwa wabia wenzake. Amewaambia hajawahi kuona mchapakazi kama mimi. Tarehe ishirini na nane si mbali, binti yangu. Binti yako tangu lini! Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nimesimama pale naitikia kwa kichwa kama mjinga.

Sikumwambia kwamba Mama Matofali alikuwepo kaburini. Nilikaribia. Lakini nikamfikiria: akijua, hataona haya. Atafuta tarehe hizo na kutafuta nyingine.

Jumanne, 11 Machi

Niseme na langu, maana hapa hakuna anayesoma. Simu ya dakika moja nimeandika dakika sita. Mara ngapi? Hazihesabiki. Ndiyo kanuni ya ofisi, nilijiambia. Barua ya mistari mitatu niliyonakili kutoka jalada jingine, vipande vitano. Mama Matofali amelipia na hizo.

Kwa hiyo mimi si malaika. Lakini kuna tofauti kati ya kumkata mtu ukucha na kumkata kidole! Ipo. Lazima iwepo. Nimejaribu kuieleza hapa mara tatu na kila mara nimefuta.

Jumatano, 12 Machi

Leo masaa kumi na moja. Ya kweli yote. Nani ataamini.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee Dakika kanisalimia mbele ya wabia wawili. "Mwenzetu mtarajiwa." Wakacheka, wakanipa mikono. Nimekipenda kile cheo miaka minane na bado nakipenda, hilo ndilo linalonitia hasira zaidi.

Dada wa mapokezi hainui macho nikipita.

Ijumaa, 14 Machi

Mahakamani. Niko kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kamishna wa viapo. Naandika nyuma ya daftari la kazi, mwenyewe ukiniona utadhani najiandaa.

Tulifika saa mbili na nusu, mimi na Mzee Dakika. Hati yangu mapajani, haijasainiwa. Saa tatu kasoro Mama Matofali kaingia na kitambaa chake na daftari lake. Kakaa benchi la ng'ambo. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia kwa upole kabisa.

Kuhusu bili, hakutia neno. Kaniuliza, "Mwanangu, kaburi la shangazi mmeshalijengea?"

Nikasema bado, mama.

"Yale matofali niliyokuahidi siku ile nimeyaweka pembeni. Mia mbili. Mje na gari tu, sitaki senti."

Mzee Dakika akainua uso kutoka kwenye simu. Siku ipi, akauliza, kwa tabasamu lile la wateja.

"Siku ya mazishi," akasema Mama Matofali. "Novemba kumi na nne. Wewe sikukuona, lakini maua yako niliyaona."

Sijawahi kumwona yule mzee akibadilika rangi. Leo nimeona! Aliinuka, akaenda mwisho wa korido na simu sikioni. Nikasema moyoni, basi yameisha, atafuta, ataomba radhi, tutarudi ofisini.

Dakika ishirini. Karudi na karatasi ya moto kutoka stationari ya nje. Ukurasa wa saba mpya! Tarehe 13, 14, 15 hazipo. Masaa ishirini na sita yapo. Yamehamia tarehe 18, 19 na 20. Akaniinamia: ule wa zamani tutasema ulikosewa kuchapwa, siku hizi mpya ulikuwa kazini kweli, hakuna atakayebisha, saini tuondoke.

Nilikuwa kazini kweli, ndiyo. Nina masaa yangu kumi tayari kwenye tarehe 18, jalada hili hili. Ukijumlisha, siku moja nimefanya masaa kumi na nane na nusu, siku nne tu tangu nizike. Na wataamini! Ndiyo ubaya wenyewe, wataamini!

Sasa juu ya hati yangu nina kurasa mbili za saba mapajani. Ya zamani na mpya. Mzee Dakika amesimama mbele yangu amenishikia kalamu yake, ile ya dhahabu, kofia ameshaifungua. Nimemwambia nina ya kwangu, naandika kitu.

Karani katoa kichwa mlangoni, kaita jina langu.

Mama Matofali amesogea kwenye benchi lake, ameacha nafasi. "Njoo ukae huku mwanangu, huko jua linakupiga."

Nimehamia. Kurasa zote mbili nimekuja nazo, nimeziweka wazi kati yangu na mama; hati sijaisaini. Mzee Dakika ananitazama na kalamu yake mkononi. Anatikisa kichwa taratibu, kama hivi — hapana, hapana. Mama Matofali hanitazami, anafungua daftari lake anaandika saa.

Karani ameita mara ya pili